Mimba ya miezi saba, ngozi imebadilika ghafla. Naombeni ushauri

Mama Kijacho, Nkuhungu
Mbukwenyi wapendwa. Ni mimba yangu ya kwanza. Nimetoka mabaka meusi mashavuni na juu ya mdomo, shingo na kwapa vimekuwa vyeusi, na tumboni kuna mstari umeshuka kutoka kitovuni. Mama mkwe anasema ni dalili ya mtoto wa kiume. Wifi kaniletea krimu ya kung'arisha kutoka sokoni. Halafu usiku viganja na nyayo vinaniwasha hadi nakosa usingizi, nadhani ni vumbi na ukavu wa huku kwetu. Nipake nini?

Dada wa Kisasa
Hongera mdogo wangu. Mabaka hayo nilipata mimba zote na wanangu ni wa kike, hilo la mtoto wa kiume liache. Ni homoni za mimba, na jua la Dodoma linayakoleza. Nilikuwa sitoki bila kofia pana au mtandio. Baada ya kujifungua yalififia polepole.

Nesi Mstaafu, Makole
Mwanangu, krimu hiyo usiiguse. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na zebaki humfikia mtoto tumboni. Weusi usikutishe. Mimi naogopa huo muwasho ulioutaja mwishoni. Una vipele? Mkojo ukoje?

Mama Kijacho, Nkuhungu
Shikamoo mama. Vipele sina kabisa, ni alama za kujikuna tu. Mkojo umekoza kama chai ya rangi, nikajua sinywi maji ya kutosha. Kliniki yangu ni mwisho wa mwezi.

Baba Wawili, Ipagala
Mke wangu naye aliwashwa, ila yeye alitoka vipele kwenye michirizi ya tumbo, akapewa kalamini vikaisha.

Nesi Mstaafu, Makole
Marahaba. Baba Wawili, hiyo ni nyingine. Huyu hana vipele. Viganja na nyayo kuwasha usiku, tena mkojo umekoza, huenda nyongo haitoki vizuri kwenye ini, inajaa kwenye damu. Mama anabaki na muwasho, lakini ikizidi sana mtoto anaweza kuzaliwa njiti au kufia tumboni. Usingoje mwisho wa mwezi. Nenda leo na kadi yako hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa, omba vipimo vya ini, na uulizie kipimo cha asidi za nyongo. Mtoto anacheza kama kawaida?

Mama Kijacho, Nkuhungu
Anacheza mama. Mume wangu ameshaenda kuita bajaji.

Nesi Mstaafu, Makole
Vizuri. Hiyo krimu nayo ibebe, uwaonyeshe.