Nani kamwambia DJ kwamba Martin ni vampaya kweli?

Wakuu, nina hasira. Wale wa "ni muvi tu mkuu, punguza povu" wapite kushoto mapema.

Juzi nimekwenda kwa jamaa anayetujazia muvi kwenye flashi hapa mtaani. Nilikuwa natafuta Martin ya George Romero, yule mzee aliyeongoza muvi za mazombi. Niliiona zamani bila tafsiri, nikataka na mdogo wangu aione. Jamaa akaniambia anayo, tena imetafsiriwa, yaani DJ kaweka sauti yake ya Kiswahili juu ya muvi. Nikatoa buku, nikaondoka nachekelea.

Usiku tumezima taa, treni imeanza safari, kijana yuko kwenye korido na sindano kaibana kwa meno. DJ anaunguruma: "Huyo ndiye vampaya mwenyewe, ana miaka 84, haonekani kuzeeka!"

Dakika ya ngapi hiyo? Hata sijatafuna njugu ya tatu!

Kwa ambao hamjaiona (spoila zipo, shauri yenu): Martin ni kijana mpole, mwenye aibu, anayekunywa damu za watu. Hilo halina ubishi, tunamuona. Ubishi ni kama ni mnyonya damu wa kweli aliyezaliwa karne ya 19, au ni mgonjwa aliyelelewa na ukoo uliomwaminisha hivyo. Hana meno marefu. Anakuchoma dawa ya usingizi, anasubiri ulegee, kisha anachana mkono wako kwa wembe. Jua linamuumiza macho kidogo tu. Romero anakuachia mzigo huo mpaka mwisho na hakusaidii kuubeba. Utamu wote wa muvi uko hapo.

Chukua hiyo hiyo treni. Kabla Martin hajaingia chumbani kwa mama anayemvizia, picha inageuka nyeusi na nyeupe, tunamuona mwanamke mrembo kavaa gauni la kulalia, kanyoosha mikono anamngoja. Mlango unafunguliwa, rangi zinarudi: choo kinavutwa maji na mama anatoka kajipaka matope ya urembo uso mzima, anapenga kamasi. Halafu anapigana! Si yule wa kwenye muvi za zamani anayelegea shingo na kufumba macho. Anatukana, anapiga mateke, na Martin anambembeleza kwamba ni usingizi tu, hatamuumiza. Inachukua muda mrefu mpaka inakera kutazama.

Sasa ile picha nyeusi na nyeupe ni nini? Kumbukumbu za Ulaya ya zamani, au ndoto za kijana aliyeshiba muvi za Dracula? Mishumaa, magauni, wanakijiji na mienge, yote yamekaa kimuvi-muvi mno, na mimi nadhani Romero alifanya makusudi. DJ wetu yeye hana shaka. Kila rangi zikipotea anatangaza, "Hapa tumerudi enzi zake akiwa Ulaya!" Kaka, uliona cheti cha kuzaliwa?

Mbaya zaidi ni pale Martin anapokitafuna kitunguu saumu mbele ya mzee Cuda, ndugu yake anayemuita Nosferatu (yaani mnyonya damu), na kujisugua msalaba usoni ili kumwonyesha kwamba hakuna uchawi. Ndiyo sentensi ya muvi nzima. DJ akaipitia juu kwa juu akitupa utani kuhusu harufu ya mdomo. Na ile ya usiku, Martin anapomvizia mzee kwenye ukungu kavaa joho na kajipaka unga usoni, kisha anayatema yale meno ya plastiki na kumwambia ni mavazi tu? DJ: "Sasa kajigeuza!" Kajigeuza nini wakati meno yapo chini tunayaona!

Cha kuchekesha, sisi hatukuhitaji hata hilo neno vampaya. Bibi yangu alikuwa anatutisha na mumiani, na mumiani wa bibi hakugeuka popo. Alikuwa mtu kama wewe, ana sindano. Enzi za mkoloni, Nairobi mpaka Kampala, watu waliwakimbia hata wazimamoto wakiamini ndio wanaokamata watu na kuwatoa damu. Martin angemkosesha bibi usingizi kuliko Dracula yeyote. DJ mwenye akili angelichezea hilo.

Mdogo wangu nikamuuliza katikati, "Wewe unaonaje, ni kweli au kichwani mwake?" Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Kaka, si kashasema ni vampaya?"

Nikanyamaza. Ningejibu nini?

Halafu mwisho. Bi Santini, yule mama aliyekuwa na uhusiano na Martin, anajiua bafuni kwa kujikata mikono. Martin hajamgusa. Lakini mzee Cuda tayari ana jibu lake kichwani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo anaingia na mti uliochongwa na kumpigilia kijana kifuani akiwa kitandani. Mtu pekee ambaye hakuwa na shaka ndiye anayemuua, tena kwa kifo ambacho kijana hakukisababisha. Na DJ anashangilia! "Mzee kamaliza kazi!" Yaani tumeuziwa muvi iliyosimuliwa na Cuda mwenyewe.

Baada ya hapo Cuda anamfukia uani, majina yanapita, na chini yake unasikia redio. Martin alikuwa na kawaida ya kupiga simu usiku kwenye kipindi, mtangazaji akambandika jina Count, kama cheo cha Dracula. Sasa wasikilizaji wanapiga kuuliza kapotelea wapi, na mmoja anasema ana rafiki yake ambaye yeye anadhani ndiye huyo Count. Nywele zinasimama. Kwenye nakala yangu sehemu hiyo kuna singeli na namba ya simu ya kuagiza muvi.

Na ninyi mtakaokuja na "lakini ni mgonjwa tu, iko wazi", sijaja kuwaungeni mkono. Ingekuwa wazi hivyo, Romero asingehangaika na zile picha nyeusi na nyeupe.

Mwenye nakala isiyo na sauti ya mtu anicheki PM. Jamaa wa flashi, najua unasoma humu: kesho asubuhi nipo hapo dukani, na buku yangu naitaka.