Breki zinalia, fundi anataka nibadilishe kila kitu

MamaTwins_Umoja: Kavitz kangu, kale kagari kadogo ka Toyota, kanalia kwiii nikikanyaga breki pale Museum Hill, Nairobi. Fundi anasema nibadilishe pedi (vile vibao vinavyobana), diski (sahani inayobanwa) na masta silinda (pampu ya mafuta ya breki). Nikubali?

Dada_Spana: Shika pesa yako kwanza. Avue gurudumu ukiangalia. Pedi chini ya milimita 3, badilisha. Diski isiyochimbika mifereji, iache. Spea kuukuu akupe mkononi, hizo za "nimeshatupa" sitaki kuzisikia. Ukiwa hapo soma pia namba nne za tarehe ya kutengenezwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Akikuona unasoma namba, bei hushuka yenyewe.

Kababa254: Lakini kanyagio likizama mpaka chini, usiendeshe hata kidogo. Ita gari la kuvuta.

MamaTwins_Umoja: Halizami. Kesho naenda na tochi.