Kwa nini wavu wa nailoni unazama na kamba ya manila inaelea?

Muulizaji, Kibirizi, Kigoma
Habari za jioni, ndugu zangu. Hapa mwaloni tunatumia nyavu za nailoni na zile kamba za plastiki tunazoziita manila. Wavu ukilowa huzama na kulainika, ilhali kamba huelea na hukauka upesi ikishaanikwa. Ikiwa vyote viwili ni plastiki, tofauti hii inatoka wapi?

Mwalimu wa kemia, Tabora
Ndugu yangu, plastiki zote ni polima, yaani molekuli ndefu mithili ya minyororo. Mkemia Mjerumani Hermann Staudinger alilitetea wazo hilo tangu mwaka 1920, akapingwa sana, na hatimaye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Kinachozitofautisha ni atomi zilizomo katika mnyororo. Kamba nyingi za aina hiyo ni za polipropilini, ambayo ina kaboni na haidrojeni tu, kwa hiyo haivutani na maji. Na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya polipropilini ina takriban gramu 0.91, ilhali ya maji ina gramu 1, ni lazima ielee.

Nailoni, kwa upande wake, kila baada ya kaboni kadhaa ina kikundi chenye naitrojeni na oksijeni. Vikundi hivyo hushikana na vya mnyororo wa jirani kwa vifungo vya haidrojeni, na ndiyo maana uzi mwembamba wa nailoni huhimili mzigo wa samaki wengi. Hata hivyo, vikundi hivyohivyo huvuta maji: molekuli za maji hupenya, hujipachika katikati ya minyororo na kulegeza ule mshikamano, ndipo wavu unapolainika na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Kuzama kwake kunatokana na densiti yake: sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 1.14, zaidi ya maji.

Muulizaji
Asante sana, Mwalimu. Mbona basi manila ikikaa juani muda mrefu huchakaa na kutoa unga?

Mchangiaji, Ujiji
Naomba nimsaidie Mwalimu. Katika polipropilini, kila kaboni ya pili ya mnyororo imebeba tawi dogo, na haidrojeni iliyopo hapo hung'oka kwa urahisi inapopigwa na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Oksijeni ya hewani hushika nafasi iliyoachwa, mnyororo hukatika vipande vifupi, na vipande vifupi haviwezi kubeba mzigo. Nailoni nayo huharibiwa na jua, kwa hiyo vyote viwili vihifadhiwe kivulini. Ukinunua kamba, chagua nyeusi iliyochanganywa na masizi, kwa sababu masizi huzuia miale hiyo isipenye ndani.