Nimetubu kubeti mara tatu na bado narudi: je, nimeokoka kweli?

Mwanakwaya wa Sauti ya Tatu:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni fundi seremala, nina mke na watoto wawili, na ni mweka hazina wa kwaya katika usharika wetu hapa Mbeya. Nilianza kubeti mwaka 2019 kwa shilingi 500, nikitandika mkeka wa timu kumi (ubashiri mmoja wa mechi kumi, ukikosea moja umepoteza yote) kila Jumamosi, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba fedha hiyo haifiki hata bei ya soda. Sasa malipo ya kitanda kizima huweza kuisha usiku mmoja. Mwezi uliopita nilichukua shilingi 180,000 za sare za kwaya, nikitumaini kuzirudisha kabla ya Jumapili. Mkeka ukachanika kwa mechi moja tu.

Nimekwenda mbele kutubu mara tatu, nimewekewa mikono, nimefunga siku saba, na kila mara nakaa majuma matatu au manne kisha narudi. Je, hili ni pepo, ni ugonjwa, au ni ushahidi kwamba sijaokoka? Na je, ni lazima niwaambie wanakwaya, au yatosha kutubu mbele za Mungu na kurudisha fedha kimya kimya?

Mwinjilisti Mstaafu:

Ndugu yangu, nilipokusoma nilimkumbuka Lazaro. Katika Yohana 11 Bwana anamwita, naye anatoka kaburini akiwa hai kabisa, ila miguu na mikono bado imefungwa sanda na uso umezungushiwa leso. Ndipo Bwana anawaamuru waliosimama pale wamfungue, wamwache aende zake. Uhai alimpa mwenyewe, lakini kufungua sanda aliwaachia watu. Nakiri kwamba sisi watumishi mara nyingi tunamwita mtu atoke, tunashangilia, kisha tunamwacha aende nyumbani na sanda yake, na akianguka tunamuuliza imani yake iko wapi.

Kuhusu wokovu wako, Paulo anaomboleza katika Warumi 7 kwamba lile baya asilolipenda ndilo alitendalo. Wafafanuzi wanabishana kama anasimulia maisha yake kabla ya kuamini au baada yake, nami sitaki kuumaliza ubishi huo hapa. Lakini sura inayofuata inafungua kwa kusema kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Kuugua kwako juu ya dhambi hii hakunionyeshi mtu aliyetupwa.

Kuhusu fedha, hapo sitakupunguzia neno. Zilikuwa za wanakwaya, kwa hiyo toba yake haiwezi kuishia chumbani. Zakayo alisimama mbele ya watu akataja kiwango atakachowalipa aliowadhulumu, yaani mara nne, na Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana dhambi ili tupate kuponywa. Mwendee mwenyekiti wako, na daftari la hazina ulikabidhi siku hiyohiyo.

Mteja wa Zamani:

Nakubaliana na Mwinjilisti, ila nimebeti miaka minne na kuna jambo ambalo mahubiri hayakunifungua macho, hesabu ndiyo iliyonifungua. Chukua mkeka wako wa timu kumi, na tuseme kila mechi ina nafasi ya nusu kwa nusu: utashinda mara moja katika mara 1,024. Lakini mkeka unaochanika kwa mechi moja tu hutokea mara kumi katika hizo 1,024. Kile unachokiona kama dalili kwamba ulikaribia ni jambo la kawaida mara kumi kuliko ushindi wenyewe, na ndicho kinachomrudisha mtu Jumamosi inayofuata.

Pamoja na maombi, nilimkabidhi mke wangu laini yenye fedha, nikaiandikia kampuni iifunge akaunti yangu, nikajitoa kwenye makundi ya mikeka, na nikatumia kiswaswadu, simu ndogo isiyo na intaneti, kwa mwaka mzima, huku vijana wa kijiweni wakinicheka. Hata hivyo nilianguka mara mbili. Tofauti ni kwamba mara ya pili nilimpigia mzee wa kanisa usiku uleule, kabla aibu haijanishauri nijifiche.

Muuguzi wa Zamu:

Naomba tusimlazimishe ndugu huyu kuchagua kati ya dhambi na ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na kumwona mshauri wa afya ya akili si kupungukiwa imani, kama ambavyo kumeza dawa ya shinikizo la damu si kumkana Kristo. Kaka, usingizi wako ukoje? Deni likiungana na aibu huzaa mawazo mabaya. Ukijikuta unawaza kujidhuru, mwambie mke wako na mwende hospitali siku hiyohiyo, msingoje ibada ya Jumapili.

Mwanakwaya wa Sauti ya Tatu:

Nawashukuru nyote. Usingizi ni wa shida, lakini mawazo hayo sina. Jana jioni nilimwendea mwenyekiti nikiwa na mke wangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ni hizo 180,000 tu. Nikalazimika kutaja 40,000 nyingine za mwezi wa tatu, ambazo hata hapa nilizificha. Daftari nimelikabidhi. Nitalipa 20,000 kila juma kwa majuma kumi na moja, na sitaimba hadi nimalize, jambo lililoniuma kuliko deni lenyewe. Laini iko kwa mke wangu. Jumamosi mwenyekiti amenitaka nikarekebishe mabenchi ya kanisa kuanzia saa tisa alasiri, naye atakuwepo kunishikia mbao. Nadhani anajua kwamba mechi zinaanza saa kumi na moja.