Naomba ushauri: kusogeza pampu ya jeti-ski ya kusimama

Habari zenu wakuu. Nina Yamaha SuperJet ya 1996, injini cc 701, pampu ya milimita 144. Bodi imepasuka nyuma, pale pampu inapofungwa, na fundi wa faiba hapa Dubai anasema kwa kuwa anakata, bora aisogeze pampu mbele ili pua inyanyuke kirahisi. Nahofia kona. Ile nozeli, mdomo wa nyuma ya pampu unaorusha maji, ndiyo usukani wetu. Ikikaribia katikati ya uzito, si nguvu ya kugeuza mkia inapungua? Tena shafti, ile fimbo inayozungusha pampu kutoka kwenye injini, ifupishwe, na mdomo wa kunyonya maji uhamishwe. Mimi napenda kukata kona kali, sarakasi za kunyanyua pua sizihitaji. Aliyewahi kuendesha iliyosogezwa: mkia unateleza? Pampu inavuta hewa badala ya maji ukiruka wimbi? Nisaidieni kabla hajawasha grainda.