Tanki la maji moto kwenye boti: injini inapanda joto na maji hayapati moto

Nahodha wa Mtwapa (swali)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina boti ya futi 34 ninayoifunga Mtwapa, yenye injini ya dizeli ya silinda nne. Injini hupozwa kwa kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea, inayozunguka ndani yake, nayo kulanti hupozwa na maji ya bahari kwenye kipoza. Wageni ninaowapeleka kuvua hulala baharini usiku mmoja, na msimu huu wa kusi, alfajiri inapovuma baridi na kila mtu ana chumvi mwilini, wamekuwa wakiomba maji moto ya kuoga. Nikanunua tanki la lita 40 lenye koili ndani yake, yaani bomba lililojizungusha ambamo kulanti ya moto hupita na kuyapasha maji joto, nikaliweka juu ya rafu katika chumba cha mbele, nikapitisha kutoka kwenye injini mipira miwili yenye tundu la milimita 16, kila mmoja mita 5, kisha nikaongeza kulanti kiasi cha nusu lita na kufunga kifuniko.

Tangu siku hiyo mshale wa joto, ambao miaka yote husimama kwenye digrii 82, hupanda hadi 95 nikikaza mwendo, ilhali maji ya bafuni ni vuguvugu tu hata baada ya saa mbili za safari. Je, nimeunganisha pasipofaa, au injini hii haimudu tanki? Mtu mmoja amenishauri nipitishe kwenye koili yale maji ya bahari yanayotoka kwenye kipoza. Naomba msaada wenu kabla ya safari ya wiki ijayo.

Fundi wa Mbaraki

Waalaykumu salaam nahodha. Huo ushauri wa maji ya bahari usiufuate. Maji yanayotoka kwenye kipoza hayana moto wa kutosha, na hata zile injini zinazopozwa na bahari moja kwa moja huwekewa themostati, yaani vali inayofunguka yenyewe kwa joto, ya digrii 60 hivi au chini yake, kwa kuwa joto likizidi hapo chumvi huanza kuganda ndani ya njia za maji. Utapata maji yasiyo moto na koili iliyoliwa na chumvi.

Sasa tuitazame hesabu yako, maana jibu nadhani limo humo. Mpira wenye tundu la milimita 16 hubeba lita 0.2 kwa kila mita. Wewe una mita 10, yaani lita 2, na koili yenyewe bado hatujaihesabu. Umeongeza nusu lita. Kwa hiyo lita moja na nusu na ushei ya hewa imo ndani ya mfumo wako, na hewa hiyo ndiyo inayozuia kulanti isifike kwenye tanki, na ikivutwa hadi kwenye pampu hufanya injini yenyewe ikose kupozwa. Injini yako haina udhaifu wowote: kulitoa tanki la lita 40 kutoka digrii 28 hadi 70 ni kazi ya umeme wa kilowati 2 kwa muda wa saa moja, nayo dizeli ikiwa kazini hutupa baharini joto lililo zaidi ya hilo mara nyingi.

Fanya jaribio hili. Injini ikishapata moto, shika mpira wa kwenda karibu na injini, kisha sogeza mkono taratibu kuelekea kwenye tanki, ukijihadhari na mkanda. Ukikuta mpira ni moto kwa urefu wa mkono mmoja halafu unapoa ghafla, hapo ndipo hewa ilipokaa. Kisha pima kwa mpira mwembamba wenye maji, kama waashi wanavyofanya: je, kifuniko cha kulanti cha injini kiko juu ya koili au chini yake? Kikiwa chini, utajaza hadi uchoke na hewa haitatoka, kwa sababu hewa hukimbilia juu na njia yako ya kuitolea iko chini. Ama ushushe tanki, ama ufunge tanki dogo la kulanti mahali pa juu kuliko vyote na kuhamishia huko kifuniko cha presha, huku kile cha injini kikibadilishwa kwa kifuniko kisichopitisha kitu. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa na moto, hata kama una haraka namna gani.

Baharia wa Likoni

Naafikiana na fundi kuhusu hewa, ila ningependa kujua mpira wa kurudi umeingia wapi. Wa kwenda hutolewa upande wa moto, kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) kabla ya themostati, ili kulanti ipite hata themostati ikiwa imefunga. Wa kurudi huingia upande ambao pampu ya injini hufyonzea. Miunganisho yote miwili ikiwa upande mmoja hakuna cha kuisukuma kulanti, nayo itasimama tu ndani ya mpira. Injini nyingi huja na matundu hayo mawili yakiwa yamezibwa kwa plagi, na kitabu chake huyaonyesha.

Pia funga vali mbili pale pale kwenye injini, moja kwa kila mpira. Mwaka fulani mpira wangu, ambao ulikuwa wa kawaida wa kumwagilia bustani, ulipasuka tukiwa mbali na Shimoni na kulanti yote ikaingia ngama, pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika. Mshale haukupanda, ulishuka, kwa sababu kipima joto kilikuwa kimebaki kwenye mvuke bila maji ya kukigusa, nami nikadhani mambo ni shwari mpaka niliposikia harufu. Tumia mpira wa hita ya lori wenye nyuzi ndani na klipu mbili za chuma cha pua kila mwisho.

Mpishi wa boti

Waungwana mmezungumzia injini, nami nawaombea wanaooga. Tanki hilo likishafanya kazi vizuri, maji yatakaribia joto la kulanti, nayo maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde 5 hivi. Mtoto wa dada yangu aliungua mkono kwenye mfereji wa jikoni nikiwa nimesimama kando yake. Tafadhali funga vali ya kuchanganya maji moto na baridi mara tu maji yanapotoka kwenye tanki.

Lita 40 zikipata moto hutanuka kwa lita 1 hivi, na kwa kuwa vali ya kuzuia maji yasirudi huwa imefunga njia ya nyuma, lazima kuwe na vali ya kupunguza presha inayofanya kazi, si iliyoganda. Tazama pia kiwango cha kulanti kila wiki. Kikishuka au kikipanda bila sababu, huenda koili imetoboka, na kulanti ya kawaida ni sumu. Maji ya mfumo huo yasinywewe.

Nahodha wa Mtwapa

Nawashukuru sana. Kifuniko cha injini kilikuwa chini ya koili kwa sentimita 11. Nimelishusha tanki karibu na injini, mipira imebaki mita 2 kila mmoja, na mpira wa kurudi, ambao kwa kweli ulikuwa umeingia pasipostahili, sasa uko upande wa pampu. Mapovu yalitoka karibu robo saa injini ikiwa katika mwendo wa chini. Jana nilikwenda hadi nje ya mwamba na kurudi kwa kasi yangu ya kawaida. Mshale ulikaa 82, na mpira wa kurudi sikuweza kuushika kwa zaidi ya nukta moja. Vali ya kuchanganya maji nimeiweka digrii 42, na vali ya presha nimeielekezea ndani ya chupa ili nione kila asubuhi imetoa maji kiasi gani.