Serikali hutumiaje redio na magazeti kuzungumza na wananchi wa nchi jirani?

Mwanafunzi wa Sakina, Arusha
Shikamooni wakubwa zangu. Ninaandaa kazi ya chuo kuhusu diplomasia ya umma, yaani namna serikali inavyozungumza na wananchi wa nchi nyingine bila kupitia kwa viongozi wao. Vitabu nilivyopata vinaeleza zaidi sauti za mbali, kama Redio Cairo iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954 na BBC iliyofuata mwaka 1957. Je, sisi majirani tuliwahi kufanya hivyo baina yetu, na matokeo yake yalikuwa nini?

Mzee wa Marangu
Marahaba, mwanangu. Tulifanya, tena kwa bidii. Baada ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, Radio Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia nafasi hewani, nao wakazungumza na ndugu zao waliokuwa chini ya wakoloni na makaburu. Hilo ninajivunia hadi leo.

Lakini kuna upande mwingine, nao unaniuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, marehemu baba alikuwa akimaliza kusikiliza taarifa ya habari ya Dar es Salaam anazungusha kitufe taratibu hadi aipate Nairobi, ambayo huku mlimani ilisikika vizuri, nasi tukasikia lawama zikirudishwa kwa Kiswahili kilekile. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Taveta, upande wa Kenya. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983 alikuja kutuona, na kabla hata hajatua kikapu alimuuliza baba: “Kaka, na mimi ni nyang’au?” Neno hilo, lenye maana ya mnyama mkali mla watu, lilikuwa limetumika sana kwetu dhidi ya mabepari wa Kenya. Baba hakuwa na jibu.

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi
Shikamoo mzee. Swali la shangazi ndilo kiini cha mada hii. Serikali zinazotofautiana lugha zinaweza kuwaambia raia wao jambo moja na majirani jambo jingine. Sisi hatuna nafasi hiyo, kwa sababu kila linalosemwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa nyumbani linasikika ng’ambo ya pili siku hiyohiyo.

Linganisha na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, majeshi ya Uganda yalipokuwa yamevamia Kagera. Alisema uwezo, sababu na nia ya “kumpiga” tunavyo. Kiambishi hicho -m- kinamlenga mtu mmoja, Idi Amin, wala hakiwagusi Waganda. Hata katika vita, jirani aliachiwa mlango. “Nyang’au” halikuacha mlango wowote, kwani aliyelisikia Taveta hakuwa na namna ya kujua kwamba hakutajwa yeye.

Kuhusu wapigania uhuru, mzee, naomba nitofautiane nawe kidogo: pale serikali iliazima mitambo tu, na waliozungumza walikuwa wenye nchi wenyewe, ndiyo maana waliaminika.

Mdogo wangu wa Sakina, tafuta maktaba yenye nakala za zamani za magazeti ya Uhuru la Tanzania na Taifa Leo la Kenya, uanze na Februari 1977. Soma tahariri za siku moja ukizilaza sambamba mezani, kisha uhesabu ni mara ngapi anatajwa kiongozi na ni mara ngapi wanatajwa wananchi wake.